Treten: Kitenzi Chenye Uzito wa Unyayo

Tarehe 1 Julai 1890, jijini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ulioamua hatima ya pwani ya Waswahili bila Waswahili kuulizwa. Ibara ya 11 iliibana Uingereza itumie ushawishi wake wote ili Sultani wa Zanzibar aiachie Ujerumani milki zake za bara pamoja na kisiwa cha Mafia. Ibara nyingine ilihusu Helgoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini ambacho Waingereza walimwachia Kaizari. Katika nakala ya Kijerumani, neno linalobeba makabidhiano hayo ni moja: "abtreten". Baadaye Sultani alilipwa marka milioni 4, na pwani ikahesabiwa kuwa ya Wajerumani.

Lipasue neno hilo nawe utakuta mguu ndani yake. "Ab" ni kuondoka juu ya kitu; "treten" ni kukanyaga, kutia hatua. Anayefanya "abtreten" anaondoa unyayo wake mahali ili mwingine aweke wa kwake. Kwa karani wa wizara lilikuwa neno la kawaida, la kuandikwa bila kufikiri. Ila lina dhana ambayo mkataba wote umeiegemea: kwamba aliyesimama juu ya pwani ile ni mtu mmoja, Sultani, na akishuka yeye pamebaki patupu. Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa pwani na kunyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba nyayo zilizokuwa pale zilikuwa nyingi.

Kamusi nyingi huanza kukieleza kitenzi hiki kwa kusema ni kupiga hatua, kisha zinaongeza kukanyaga, kupiga teke, na mlolongo wa maana za ofisini na mahakamani. Mimi naona mpangilio huo umegeuzwa. "Treten" na ndugu zake hawakuanza kama vitenzi vya mwendo. Walianza kama vitenzi vya uzito: mguu unapotua juu ya kitu na kukiacha kimebadilika. Mwendo ulikuja baadaye, na maana za dola zikaja mwisho, lakini hata hizo bado zinadai kitu cha kukanyagwa.

Ukoo wenyewe ni mpana. Kijerumani kina "treten", Kiholanzi "treden", Kiingereza "tread", Kiswidi "träda", Kideni "træde", Kiaislandi "troða", Kiyidi "tretn", Kiafrikaans "tree". Lugha ya Wagothi, iliyokwisha kufa, ilikuwa na "trudan". Msomaji makini ataona irabu zimegawanyika: upande wa magharibi ni e, ilhali Kigothi kina u na Kiaislandi kina o. Hilo si suala la lafudhi. Lugha mama ya Kigermanik ilikuwa na njia mbili za kulijenga shina la wakati uliopo, na kila tawi likashika moja.

Konsonanti nazo zina kisa chao. Kwa kawaida t ya kale ya Kigermanik iligeuka z katika Kijerumani: penye "ten" ya Kiingereza Mjerumani anasema "zehn", na penye "tongue" anasema "Zunge". Kwa hesabu hiyo tungetarajia kitenzi kinachoanza na z. Lakini t iliyofuatwa na r ilinusurika, kwa hiyo mwanzo wa "tread" na wa "treten" umebaki sawa, na mabadiliko yameonekana mwishoni tu, pale d ilipogeuka t.

Ukitoka nje ya ukoo wa Kigermanik, njia inafifia. Wanaisimu wamekilinganisha kitenzi hiki na maneno ya Kigiriki na Kisanskriti yanayoanza na dr-, kama "dromos", yaani uwanja wa mbio, na "dravati", yaani anakimbia. Kwa sauti, dr- ya kale kuwa tr- ya Kigermanik ni jambo lililo wazi. Ndiyo kanuni ambayo Jacob Grimm aliieleza mwaka 1822. Kwa maana, ulinganisho huo haunishawishi. Maneno ya Kigiriki na Kisanskriti yanazungumzia kasi, miguu isiyokaa chini. Kitenzi chetu kinazungumzia kinyume chake. Jirani zake wa karibu zaidi, nionavyo, ni maneno kama "trappen" la Kiholanzi, kukanyaga au kupiga teke, ambalo limezaa jina la ngazi, na "trampeln" la Kijerumani, kukanyagakanyaga kwa kishindo. Sauti tr- katika lugha hizi inafanana mno na mguu unaogonga sakafu kiasi kwamba huenda masikio yamechangia hapa kuliko nasaba.

Ushahidi wa kale tulio nao unaelekea upande huo. Askofu Wulfila aliitafsiri Biblia kwa Kigothi katika karne ya 4, na sehemu kubwa iliyosalia imo katika Codex Argenteus, kitabu kilichoandikwa kwa wino wa fedha na dhahabu ambacho sasa kiko Uppsala, Sweden. Katika Injili ya Luka "trudan" inatokea mahali pa kuvutia. Mbegu zilizoanguka njiani zimekanyagwa. Wanafunzi wamepewa mamlaka ya kukanyaga nyoka na nge. Na katika sura ya 6, pale Kigiriki kinaposema kwamba watu hawachumi zabibu kwenye michongoma, Mgothi ameandika kwamba hawazikanyagi. Amekiacha kitenzi cha kuchuma alichokiona mbele yake, akarukia kazi inayofuata mavuno: zabibu kumwagwa katika shinikizo na watu kuzivyoga kwa miguu. Kwake yeye mavuno ya zabibu yalikuwa kazi ya nyayo. Katika mifano yote hii hakuna anayetoka hapa kwenda pale. Kuna mbegu, nyoka, tunda, na mguu juu yake.

Zabibu zimeacha alama nyingine. Wajerumani wa kando ya Rhine na Mosel walijifunza utengenezaji wa mvinyo kwa Warumi, na shinikizo wakaliita "Kelter", neno lililotokana na Kilatini "calcare", kukanyaga kwa kisigino. Katika Uswisi na sehemu za kusini shinikizo liliitwa "Trotte", jina la nyumbani kutoka ukoo wa "treten". Majina mawili, moja la kuazima na moja la kuzaliwa, na yote mawili yanamtaja mkanyagaji ingawa mashine za ubao na skrubu zilimwondoa zamani.

Kiingereza cha kale nacho kilikanyaga kitu. Katika utenzi wa "Beowulf", zimwi Grendel anapozurura nyikani, njia za uhamisho ndizo zinazokanyagwa. Njia ni yambwa, inayotendewa, kama zabibu zilivyotendewa. Huyu tayari anatembea, ni kweli. Hapa ndipo ninapoiona hatua ya kwanza kuelekea maana ya mwendo: anayekanyaga ardhi mfululizo atakuwa amesafiri, na polepole safari inaifunika ile ardhi.

Kaskazini uzito ulibaki mbichi zaidi. Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland wa karne ya 13, anasimulia habari za mfalme Vanlandi wa Uppsala. Mfalme amelala, analalamika kwamba "mara" anamkanyaga. "Mara" ni kiumbe cha usiku, kile ambacho kwetu huitwa jinamizi. Watu wake wanamshika kichwa, "mara" anamkanyaga miguu hadi inakaribia kuvunjika. Wanakimbilia miguuni, naye anamlemea kichwani mpaka anakufa. Kitenzi cha Snorri ni "troða". Jinamizi la Waswahili hukaba. La Waskandinavia lilitumia nyayo. Katika Kiaislandi cha leo kitenzi hicho hicho kina pia maana ya kushindilia, kama mtu anavyoshindilia nguo katika begi dogo, na kuna uhusiano wa wazi kati ya mfalme aliyelemewa na begi lisilofungika.

Wafugaji nao walikuwa na matumizi yao. Jogoo wa Kijerumani "anamkanyaga" kuku, kama jogoo wa Kiingereza. Wa kwetu hupanda. Kidoa cheupe kwenye kiini cha yai kikaitwa "Hahnentritt", yaani hatua ya jogoo, na jina likahamia kwenye kitambaa cha vipande vyeusi na vyeupe vilivyochongoka, ambacho mafundi cherehani wa Ujerumani bado wanakiuza kwa jina hilo. Sidhani wanunuzi wengi wa suti hizo wanakumbuka banda la kuku.

Kisha kuna kazi zote ambazo, kabla ya mvuke na umeme, zilifanywa kwa uzito wa mwili. Udongo wa matofali na kabichi ya kuchachusha mapipani vilikanyagwa. Vinanda vikubwa vya makanisani vilihitaji mtu wa kukanyaga mivukuto nyuma ya ukuta wakati mpigaji akisifiwa mbele; mkanyagaji huyo aliitwa "Bälgetreter". Huko Andernach, kando ya Rhine, winchi ya mawe iliyokamilika mwaka 1561 ilipakia mawe ya kusagia na mapipa ya mvinyo kwa nguvu za wanaume waliotembea ndani ya magurudumu makubwa, na iliendelea kufanya kazi hadi 1911. Gurudumu la namna hiyo ni "Tretrad". Waingereza walilichukua wazo hilo wakaligeuza adhabu: mwaka 1818 mhandisi William Cubitt alibuni "treadmill" ya magereza, ngazi isiyo na mwisho ambayo mfungwa aliipanda kwa saa nyingi bila kufika popote, mara nyingine bila hata kusaga kitu. Oscar Wilde alipitishwa humo mwaka 1895, na sheria ya magereza ya 1898 ikaikomesha. Leo watu hulipa ada ya jimu wapande mashine yenye jina hilo. Wajerumani wana aibu kidogo zaidi: mashine ya jimu wanaiita kwa jina la kukimbia, na "Tretmühle", kinu cha kukanyaga, wamekiachia kazi ya ofisini inayochosha roho.

Sarufi ya Kijerumani cha sasa inalinda kumbukumbu ya maana hizo mbili kwa namna ninayoiona kuwa ushahidi mzuri kuliko wote. Vitenzi vya mwendo katika wakati uliotimilika huchukua kisaidizi "sein", kuwa. Vitenzi vinavyomtendea mtu au kitu huchukua "haben", kuwa na. "Treten" kinachukua vyote viwili. Ukiingia katika dimbwi ni "sein". Ukimpiga mtu teke ni "haben". Na ukimkanyaga mwenzako mguu ndani ya basi, uchaguzi wako wa kisaidizi unaweza kumwambia kama ilikuwa bahati mbaya au makusudi: "sein" ni mguu uliotua wenyewe, "haben" ni mguu uliotumwa. Ni vitenzi vichache vinavyolazimishwa kueleza nia kwa njia hiyo.

Tufike kwenye viambishi, maana ndiko utajiri ulikolala, na ndiko dola lilikokichukua kitenzi hiki. Chukua "vertreten". Katika matumizi ya zamani kiliweza kumaanisha kukanyaga mpaka kuharibu, na pia kusimama mahali pa mtu mwingine. Hii ya pili imeshinda. "Vertreter" ni wakala, mwakilishi, naibu. Mbunge ni "Volksvertreter", anayesimama badala ya wananchi. Lakini ile ya kwanza haijafa: ukiteguka kifundo cha mguu unasema umekifanyia "vertreten", na ukitoka garini kunyoosha miguu baada ya safari ndefu, kitenzi ni hicho hicho. Mwakilishi na mteguko wanakaa katika ukurasa mmoja wa kamusi, na wachekeshaji wa siasa wa Ujerumani hawajashindwa kuliona hilo.

"Betreten" ni kuingia mahali kwa kuweka mguu ndani. Kila mtu aliyefika Ujerumani amesoma kibao kinachokataza kukanyaga majani. Zamani kilimaanisha pia kumfumania mtu. Sheria ya jinai ya Austria bado inamtaja mshukiwa aliyekutwa akitenda kosa kwa neno hilo. Kutoka hapo Kijerumani kimepata kivumishi "betreten", hali ya aliyeona haya, anayetazama chini bila la kusema. Ni uso wa aliyefumaniwa, hata kama hakuna aliyemshtaki.

"Übertreten" kinategemea mkazo. Ukiweka mkazo kwenye kiambishi, mtu amehamia dini au chama kingine, au mruka chini amepitiliza ubao. Ukiweka mkazo kwenye shina, amevunja sheria. Mstari ni mmoja. Kuuvuka kunaweza kuwa wongofu au kosa. Waholanzi walichagua kosa: "overtreding" ni kuvunja sheria barabarani na faulo uwanjani. "Austreten" ni kutoka: katika chama, katika kanisa, na darasani mtoto anapoomba ruhusa kwenda haja. "Auftreten" ni kupanda jukwaani, na Kiholanzi, Kiswidi na Kiaislandi vyote vina kitenzi cha onyesho kilichojengwa kwa mguu huo huo na kiambishi cha juu. "Zurücktreten" ni kurudi nyuma, yaani kujiuzulu, kama Willy Brandt alivyofanya Mei 1974 baada ya jasusi wa Ujerumani Mashariki kugunduliwa ofisini mwake. Kiholanzi kwa kujiuzulu kinatumia "aftreden", ndugu halisi wa "abtreten"; Kiafrikaans, binti wa Kiholanzi huko Afrika Kusini, kimekilainisha kikawa "aftree", kustaafu, na nyumba za wazee waliostaafu zinaitwa kwa neno hilo. Kiambishi kimoja, kitenzi kimoja: Mjerumani anakabidhi ardhi, Mholanzi anaacha uwaziri, Mwafrikana anachukua pensheni.

Kinachoonekana katika orodha hii ni kwamba cheo, chama, jukwaa, dini na sheria vyote vimefikiriwa kama sakafu. Mtu yuko juu yake au hayuko. Ndiyo maana sheria yenyewe inaweza kupewa miguu: kuanza kutumika ni "in Kraft treten", kukanyaga ndani ya nguvu. Kiholanzi, Kiswidi na Kideni vinasema hivyo pia. Ni msemo wa kimakarani usiomsisimua mtu, isipokuwa jioni moja.

Tarehe 9 Novemba 1989, Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, alisoma mbele ya kamera karatasi aliyopewa na Egon Krenz kuhusu kanuni mpya za raia kusafiri nje. Hakuwa ameisoma vizuri kabla. Tangazo lilikusudiwa litolewe siku iliyofuata, ofisi za pasi zikiwa tayari na watu wapange foleni. Akaulizwa inaanza lini kutumika. Alipekua karatasi, akaanza kujibu kwa "tritt", yaani "treten" katika nafsi ya tatu. Kwa kanuni za Kijerumani, msemo huo unadai sehemu yake ya pili, "in Kraft", na kati ya hizo mbili unadai tarehe. Tarehe hakuwa nayo. Akakitelekeza kitenzi katikati, akaanza sentensi nyingine akisema kwamba kwa ajuavyo yeye ni sasa hivi, bila kukawia. Wakazi wa Berlin Mashariki walioangalia televisheni walikwenda mipakani, na kabla ya usiku wa manane kizuizi cha Bornholmer Straße kikafunguliwa. Wanahistoria wanaeleza, kwa haki, mikutano ya hadhara ya Leipzig, uchumi uliodorora na msimamo wa Gorbachev. Ila saa ya tukio iliamuliwa na kitenzi kilichokosa kukamilishwa.

Misemo ya mitaani imebaki karibu na mguu. Mjerumani anayetamka jambo lisilofaa mbele ya wageni amekanyaga kibakuli cha mafuta. Aliyemuudhi mwenzake amemkanyaga tai. Mjadala usiosonga unakanyaga papo hapo. Anayepunguza kazi au matumizi anakanyaga kwa ufupi. Anayefaidi jasho la wengine bila kuchangia ni "Trittbrettfahrer", mpanda ubao wa kukanyagia pembeni mwa tramu ili akwepe nauli. Wachumi wamelifanya kuwa istilahi, na msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa aliyewahi kuona watu wakidandia gari hahitaji maelezo. Mtu mwoga wa kusema wazi ni "Leisetreter", mkanyaga polepole. Neno hili lina harufu ya Matengenezo ya Kanisa: Mei 1530, Martin Luther, baada ya kusoma rasimu ya ungamo la imani iliyotayarishwa na rafiki yake Melanchthon kwa ajili ya baraza la Augsburg, alimwandikia mtawala wa Saxony kwamba imempendeza, ila yeye mwenyewe hawezi kukanyaga kwa upole namna ile. Wasomi bado wanabishana kama ilikuwa sifa au kijembe. Nadhani Luther alijua sentensi inaweza kubeba vyote viwili.

Wafaransa nao walikichukua kitenzi hiki kutoka kwa Wafranki, wakakifanya "trotter", mwendo wa farasi wa mchakamchaka, kisha "trottoir", njia ya waenda kwa miguu. Waswisi wanaozungumza Kijerumani wakaliazima neno hilo, na leo wanatembea juu ya "Trottoir" bila kujua kwamba ni mjukuu wao aliyerudi na lafudhi ya Paris.

Kwa Kiingereza mambo yalikwenda tofauti. "Step" ilinyakua kazi za kila siku, "tread" ikabaki kwenye matairi, ngazi na watu wanaokanyaga maji wasizame. Lakini mtoto wake alitajirika. Wafanyabiashara wa Kijerumani cha Kaskazini, wale wa miji ya Hansa, walikuwa na neno "trade", njia iliyokanyagwa, mkondo. Waingereza walilipokea katika karne ya 14 kwa maana ya mkondo wa chombo baharini. Baadaye likawa mkondo wa maisha ya mtu, kazi anayoishika siku zote, na katika karne ya 16 likafika kwenye kununua na kuuza. Pepo zinazoitwa kwa Kiingereza "trade winds" hudhaniwa zimepewa jina na wafanyabiashara. Jina hilo lilikuwepo kwa sababu ya upepo kushika mkondo mmoja bila kugeuka, na majahazi yalifaidi baadaye. Na vyama vya wafanyakazi wa Uingereza vinaitwa "trade unions" kwa maana ile ya katikati, ya fundi na kazi yake, wala si ya duka. Anayetafsiri jina hilo kwa Kiswahili akaandika vyama vya biashara amewapa jina la vyama vyao wale wale ambao viliundwa kupambana nao.